Kwa Anatoli Hawali

Na msinitolee tena hiyo ya tahadhari. Tahadhari gani? Mtu umekaa kwenye kigoda cha mwenzako, umeimba nyimbo nyumbani kwake, umefumba macho umeomba mpaka kijasho, halafu ukiletewa chai unasema umefunga. Jumatano! Siyo Kwaresima, siyo Ijumaa, siyo chochote. Jumuiya nzima imefunga siku moja bila kuambiana. Muujiza wa namna hiyo hata Roma haujatokea.

Mimi nilikuwa nje, nimekaa juu ya pikipiki namsubiri mama mmoja wa jumuiya hiyohiyo, niliyemleta kutoka Kibondo mjini. Zamu ya sala ilikuwa imefika nyumbani kwa Anatoli, huku Kitahana. Wamemaliza sala, Anatoli anapita na birika na sinia la viazi vitamu. Yeye mwenyewe kashaonja kwanza mbele yao, kanywa, katafuna, kameza, kama mwenye nyumba wa huku anavyotakiwa afanye ili mgeni aone hakuna sumu ndani.

"Karibuni, na mwili nao upate chake."

"Tumefunga, baba."

"Mimi pia nimefunga."

"Mimi ni nadhiri."

Nadhiri! Akafika kwa mwenyekiti wao, Ndayiragije, lile jibaba lenye rozari kubwa kama mnyororo wa baiskeli. Ndayiragije akaviangalia viazi. Nikaona koo lake limepanda likashuka.

"Mungu akubariki, Anatoli. Ila tumefunga."

Anatoli akasema, "Basi mnisamehe. Ningejua nisingewatamanisha." Akachukua kitambaa akafunika sinia. Hakununa, hakutupa jicho, hakupiga mlango. Mimi nilitaka niingie nipindue benchi na wote waliokaa juu yake.

Sasa tumeondoka, tumefika njia panda kwenye kibanda cha chapati, nakuta nani? Wafungaji. Wanatafuna mpaka mashavu yanang'aa mafuta. Na yule mama wangu nyuma ya pikipiki ananigonga bega, "Simama hapo nichukue mbili za moto."

"Mama, nadhiri imeisha?"

"We kijana, shika usukani."

Hao ndio Wakristo wenu. Mimi nimebatizwa, kanisani naonekana Krismasi na Pasaka, sijifichi. Shule niliishia darasa la saba. Lakini hata mimi najua kwamba Yesu alikaa akala na watu ambao mji mzima ulikuwa unawanyooshea vidole. Hakusema amefunga.

Wanachoogopa pale kwa Anatoli ni bibi. Anaitwa Ntirampeba. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na mtu wa Kitahana, akamzaa huyu na yule, wakafa, mume naye akamzika. Ndayiragije mwenyewe amezaliwa amemkuta. Bibi mwembamba, anavuta ugoro, anatukana kuku kama wanamuelewa. Dhambi zake zote ninazozijua mimi ni hizo.

Halafu wakaja kamchape. Kama hukuwahi kuwaona, ni vijana wanaozunguka vijijini na filimbi na vitambaa vyekundu, wanajifanya wanafichua wachawi, na kijiji kinawapokea kama msafara wa waziri. Wakacheza weee, wakazunguka, wakaishia kwa bibi asiye na mtoto wa kumtetea. Kwa mwenye watoto sita wa kiume hawakwenda, eti dawa haikuwaelekeza huko. Mmoja akaingia jikoni kwa bibi, akachimba chini ya mafiga, akaibuka na pembe. Jamani! Mfuko wa suruali yake ulikuwa umetuna toka anafika. Nilikuwepo. Kila mwenye macho aliona. Lakini pembe ilipotoka watu wakashangilia kama wamefunga goli. Nyumba ya bibi ikaangushwa palepale. Na waliong'oa nguzo siwataji, nendeni mkawaangalie Jumapili wanaopeleka vipaji mbele wamevaa mashati meupe.

Jioni ile bibi amekaa kwenye udongo, kanga imejaa vumbi, watu wanampita kama kisiki. Anatoli akaja anaikokota baiskeli yake. Akalikunja koti akaliweka kwenye keria.

"Bibi, panda twende. Nimeacha maharage jikoni yataungua."

Basi. Hakuhubiri. Hana undugu naye hata wa mbali. Mimi siku moja nilimuuliza kwa nini yeye, akaniangalia kama nimeuliza kwa nini jua linawaka. "Angelala wapi?" ndivyo alivyonijibu.

Huyo ndiye Anatoli. Mjane, mke wake alifariki miaka mingi nyuma, ana binti mmoja, Valeria. Analima maharage na muhogo, kiangazi anachoma matofali. Usifikiri ni malaika. Ni mbishi, anakoroma mpaka mbuzi wanaamka, na kwaya walimtoa kwa sababu sauti yake inavuta wenzake shimoni. Lakini njoo umuone akisalimia. Waha tukisalimia vizuri tunainama kidogo, tunapiga makofi taratibu, mwakeye, habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe hata kama huna. Sasa pale stendi Kibondo kuna yule mwendawazimu anayejifunga maturubai. Sisi tunamrushia maganda. Anatoli anashuka kwenye baiskeli, anainama, anampigia makofi yote, hapunguzi hata moja, anamuuliza habari za nyumbani. Na jamaa anajibu! Anasema nyumbani hawajambo. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nilicheka pia, ndiyo, sasa mnataka nini.

Siku ya mkutano wa kijiji walimuita aeleze kwa nini ameingiza mchawi kwenye nyumba. Anatoli akasimama, kofia mkononi. "Huyu ni mgeni wangu," akasema. Ndayiragije akanyanyuka, akamchapa kofi. Mwenyekiti wa jumuiya huyo, mbele ya watoto. Kofi lililia mpaka nyuma. Anatoli akabaki amesimama, macho yanamtoka machozi ya kofi, akauliza, "Mkono haujakuuma?" Anauliza kwelikweli! Watu wakaangua kicheko, wakasema huyu bibi kashamroga.

Nilimbeba siku hiyo. Nilikuwa nimemkasirikia yeye kuliko Ndayiragije.

"Mzee, unatuaibisha wanaume. Ungemrudishia moja tu."

"Ningempiga, leo kijiji kizima kingekuwa kinaongelea ngumi. Mimi nataka tuongelee bibi anakaa wapi."

"Kwani walimuongelea?"

"Bado," akasema.

Mnaona mtu wa namna hiyo anavyochosha? Ukimtetea hakusaidii kugombana.

Haya, sasa tuje kwenye lililonifanya niseme haya yote. Valeria anaolewa Jumamosi. Ni fundi cherehani pale Kibondo, mchumba wake ni Elisante, fundi umeme wa Kasulu, kijana mtulivu. Mahari kwisha, tangazo kanisani kwisha. Lakini huku kwetu wenye bwana harusi hawamchukui bibi harusi kwenye nyumba ambayo hawajala. Na hawaanzi wao. Wanaanza majirani wa nyumba ile, wageni wanatazama. Majirani wakila, nyumba ni safi, karibuni. Majirani wakikaa na sahani hazijaguswa, wageni wanasimama wanajikung'uta suruali, wanaondoka. Na binti anabaki na gauni lake.

Habari za kufunga Jumatano zikafika Kasulu kabla hata chapati hazijashuka tumboni. Baba mdogo wa Elisante akapiga simu: sisi tutakuja, lakini majirani wasipokula, hatuli, na tusipokula hatuchukui mtu.

Jumapili baada ya misa Ndayiragije akaja kwa Anatoli na wenzake wawili. Pikipiki yangu ndiyo ilimbeba, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuja mpole, sauti ya padre.

"Anatoli, sisi tunakupenda. Tunataka harusi ya mtoto wetu iende vizuri."

"Ahsanteni sana. Kaeni."

"Tutasimama tu. Sikiliza. Mtoe huyu bibi. Siku moja! Si ni Mrundi? Mpeleke kambini Nyarugusu, kule wamejaa wa kwao, Jumapili ukamchukue. Sisi tutakuja Jumamosi tutakula mpaka tulambe sufuria."

Tena anasema bila aibu. Mchawi wa Ijumaa, Jumamosi hayupo, basi chakula ni kitamu. Kwa hiyo sumu ina likizo?

Bibi alikuwa palepale barazani anapembua maharage, wanamuongelea kama hayupo. Akasema bila kuinua kichwa, "Ningekuwa mchawi, Ndayiragije, ningeanza na hili goti langu. Linaniuma toka mvua za juzi."

Mmoja wa wale wenzake akarudi nyuma hatua mbili. Goti, na yeye anarudi nyuma!

Niliona Anatoli anateseka, msifikiri kwake ni rahisi. Akasema, "Nikimtoa siku ya karamu nitakuwa nimewaambia wote kwamba ni kweli. Akirudi Jumapili atarudi akiwa nani?"

"Ni siku moja, Anatoli!"

"Yesu hakuniachia mambo mengi mimi. Sijui kuhubiri, kuimba mmenitoa. Aliniachia namna alivyokaa na watu. Siwezi kumfuata siku zote nikamuacha siku nina wageni."

Ndayiragije akafyonza. "Basi kaa na Yesu wako na mchawi wako, na binti atazeekea hapa."

Wakati huo Valeria alikuwa mlangoni. Wale walipotoka ndipo akalipuka. Nimesikia wanawake wakigomba stendi, lakini hivi sijawahi.

"Baba, mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni mwanangu."

"Mwanao! Mgeni anapata baraza, mgeni anapata koti kwenye keria, mgeni anapigiwa makofi ya heshima. Mimi napata nini? Mimi ndiye wa kuachwa na gauni mikononi? Wema wako wote unaulipa kwa ngozi yangu, baba! Ungekuwa unajipiga mwenyewe ningenyamaza."

Na hapo, niseme ukweli, nilikuwa upande wa Valeria. Bado naona alikuwa na haki. Mtu mwema bila kumuuliza anayeumia naye, huo wema una mwiba. Lakini wa kumuumiza Valeria alikuwa nani? Bibi? Anatoli? Ni wale wafungaji. Watu wazima wenye midomo mizima ambao wangeweza kumaliza jambo lote kwa kutafuna kiazi.

Jumanne asubuhi niko stendi Kibondo, namuona bibi. Amekaa karibu na magari ya Kasulu, kafurushi kamefungwa kwenye kanga, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametembea toka Kitahana.

"Bibi, wapi?"

"Manyovu."

"Manyovu kufanya nini?"

"Nivuke. Niende kwetu."

"Kwenu kuna nani?"

Akatafuta jibu. Akanitajia kilima.

"Nauliza kuna nani, bibi."

"Kilima si kipo?"

Ndugu zangu, mimi siyo mtu wa kulia. Nilisogea pembeni nikajifanya nakagua tairi. Kisha nikampigia Anatoli, simu haipokelewi. Nikampigia Valeria, nikijua kabisa atafurahi. Nilimwambia kwa hasira, "Bibi yenu anawaachia nafasi, njooni mpige vigelegele."

Alikuja. Alikuja na bodaboda ya mwenzangu Shamsi, kichwani amesukwa nusu, nusu nywele zimesimama, alikuwa ametoka katikati ya kusukwa. Akateremka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Nikajua leo bibi anakula matusi hadharani.

"Bibi, simama."

"Mwanangu niache. Uolewe."

"Simama, nimesema! Baba yuko porini huko anakutafuta toka alfajiri, peku, simu kaisahau kitandani. Analia. Mama alizikwa baba hakulia. Unajua sisi tulivyo nyumbani pale bila yeye? Unataka niolewe na Elisante nimuache baba namna ile?"

"Hawatakula, Valeria."

"Wasile." Akainama akabeba kale kafurushi akakaweka kwapani. "Na wewe utapika. Maharage ya Jumamosi unapika wewe, kwa mkono wako, uani, kila mtu anakuona. Walikuwa wanakataa viazi alivyopika baba, wanakataa kivuli tu. Basi waje waukatae mkono wenyewe, wakiwa wanautazama."

"Na wakiukataa?"

Valeria akasema, "Nitakula mimi. Gauni litachafuka mawese, litafuliwa."

Shamsi, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa amelala, akageuza pikipiki tu. Bibi akapanda kwangu, Valeria akapanda kwa Shamsi na nywele zake nusu, tukarudi. Njiani tulimkuta Anatoli anakuja mbio, miguu inatoka damu. Akasimama katikati ya barabara. Hakumwambia bibi neno la maana, alimwambia eti kuku wamemwaga maji. Na bibi akawatukana kuku palepale. Kisha Anatoli akamgeukia binti yake, akainama, akampigia makofi. Yale yote, ya mtu mkubwa. Baba kumpigia mtoto makofi namna ile, sijawahi kuona. Valeria akageuza uso akaniambia mimi, "Na wewe unashangaa nini? Washa pikipiki."

Sasa hali iko hivi. Elisante ameshasema yeye atakula, lakini yeye ni bwana harusi, kula kwake hakuhesabiki mbele ya baba yake mdogo. Isihaka, muuza nyama wa pale sokoni, ndiye atakayechinja mbuzi, na amesema atakaa baada ya kuchinja ale sahani yake yote. "Mimi Muislamu," akaniambia, "lakini njaa yangu haina dini, na huyu mzee hunisalimia vizuri." Shamsi atakula. Mimi nitakula. Lakini sisi ni watu wa stendi, hatuishi Kitahana, na wageni wa Kasulu wanawatazama majirani. Wanaotakiwa kutafuna ni wale wa Jumatano. Na hao nimewauliza mmoja mmoja. Mmoja anasema atakuja ila tumbo linamsumbua. Mwingine atakuja ila daktari kamkataza maharage. Daktari gani? Ndayiragije anasema atakuja kuomba sala ya ufunguzi. Ya ufunguzi! Ufungue nini, kama mdomo wako umefungwa?

Nawaambia nyinyi mnaosoma hapa, wa Kitahana, wa Kibondo mjini, wa Kasulu. Mnavaa misalaba shingoni, mmebandika picha za Yesu kwenye vioo vya magari, mnaimba mtamfuata popote. Popote ndiyo hapo, nyuma ya shule, nyumba yenye bati jipya upande mmoja. Jumamosi baada ya misa. Msilete zawadi, msije kupiga picha za simu, msije na sala ndefu. Na nikimuona mtu kabeba chapati mfukoni nitamtoa mwenyewe, nawaapia.

Njoo unawe mikono, kaa mbele pale wageni wa Kasulu watakapokuona, pokea sahani kwenye mkono wa Bibi Ntirampeba, na ule.